Lino Brocka na Maradhi Yaliyofichwa Nyuma ya Ukuta

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu binafsi, lakini yako mataifa nayo yenye maradhi, ambayo huyafunika kwa shuka nyeupe kila wageni wanapobisha hodi. Mnamo Julai 1974, jiji la Manila nchini Ufilipino lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya urembo ya Miss Universe. Nchi hiyo ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi iliyotangazwa na Rais Ferdinand Marcos mnamo Septemba 1972. Ili macho ya wageni yasikwazwe, mitaa ya mabanda iliyopakana na njia ambazo wangepitia ilizungushiwa nyua zilizopakwa rangi nyeupe. Maskini walibaki palepale walipokuwa. Kilichoondolewa ni sura yao tu.

Mwaka mmoja baadaye, yaani 1975, majumba ya sinema ya jiji lilo hilo yalionyesha filamu iliyowaingiza watazamaji nyuma ya nyua hizo. Mwelekezi wake alikuwa Lino Brocka, mwanamume wa miaka 36 aliyekuwa amelelewa katika ufukara, na ambaye pia alikuwa shoga. Mambo hayo mawili, umaskini na mapenzi ya jinsia moja, ndiyo ambayo jamii yake ilipenda yazungumzwe kwa mnong'ono au yasizungumzwe kabisa. Makala haya yanayapitia maisha ya msanii huyo kwa nia ya kuonyesha kwamba kwake mambo hayo hayakuwa mada mbili. Yalikuwa mada moja, nayo ni aibu: nani anaipandikiza, nani anaibeba na nani anafaidika nayo.

Catalino Ortiz Brocka, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la mkato la Lino, alizaliwa mnamo Aprili 1939 katika mji mdogo wa Pilar, mkoani Sorsogon, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon. Baba yake alikuwa fundi wa mashua, na mama yake mwalimu. Baba aliuawa Lino angali mtoto mdogo, na mjane akalazimika kurudi na wanawe kwao Nueva Ecija, katika nyanda za kilimo cha mpunga. Huko waliishi kwa kuwategemea jamaa, na mtoto akatambua mapema kwamba mkono unaotoa waweza pia kudhili. Kimbilio lake likawa sinema. Filamu za Kimarekani zilimfundisha Kiingereza, na vilevile zikampa picha ya dunia ambayo haikuwa na njaa. Miaka mingi baadaye aliziasi filamu hizo kwa kupiga picha za dunia aliyoishi yeye mwenyewe.

Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hodari, alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Ufilipino. Aliingia akiwa na azma ya kuwa mwanasheria, lakini fasihi na jukwaa vikamteka. Wakati huo huo alijiunga na kanisa la Wamormoni, na kanisa likamtuma Hawaii kama mmishenari. Huko alihudumu katika kisiwa cha Molokai, kwenye makao ya Kalaupapa walikotengwa wagonjwa wa ukoma. Kipindi hiki hakifai kuchukuliwa kama kituko cha ujana. Kijana aliyekuwa akijua ndani ya nafsi yake kwamba jamii ingemtenga iwapo ingemfahamu, alikwenda kuishi miongoni mwa watu ambao kutengwa kwao kulikuwa kumewekewa mipaka ya bahari na majabali. Alipomaliza utumishi wake alikaa kwa muda San Francisco akifanya vibarua, kisha akarejea Manila kutafuta riziki katika sanaa.

Mwaka 1967, Cecile Guidote alianzisha chama cha maigizo kilichoitwa PETA, kwa imani kwamba tamthilia yapaswa kutumia lugha ya wananchi na kuzungumzia maisha yao. Brocka alijiunga nacho. Sheria ya kijeshi ilipomfanya mwanzilishi huyo aikimbie nchi, Brocka alikuwa miongoni mwa waliokishika chama kisife. Katika PETA aliwapata waigizaji na waandishi ambao baadaye walimfuata katika filamu zake, na hapo pia alijifunza kuielekeza michezo ya televisheni kwa fedha kidogo na kwa muda mfupi. Wepesi huo wa kazi ulimfaa maisha yake yote. Alipoaga dunia alikuwa ameelekeza filamu zaidi ya 60 katika muda wa miaka 21 hivi.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, ikiwa imetayarishwa na kampuni ya LEA Productions. Mwaka uliofuata alitoa Tubog sa Ginto, jina ambalo maana yake ni kitu kilichochovywa katika dhahabu. Hadithi yake ilitoka katika kisa cha katuni cha Mars Ravelo, nayo inamhusu tajiri mwenye mke na mtoto ambaye kwa siri huwapenda wanaume, na ambaye dereva wake anaigundua siri hiyo na kuigeuza kuwa njia ya kumkamua fedha. Ili kuuelewa uzito wa filamu hiyo, yafaa kukumbuka kile watazamaji wa Manila walichokuwa wamezoea. Mwaka 1969 mchekeshaji maarufu Dolphy alikuwa ameigiza katika Facifica Falayfay, ambamo mwanamume mwenye tabia za kike alikuwa kichekesho tangu mwanzo hadi mwisho. Kitagalogi kina neno la kumtaja mtu wa namna hiyo, nalo ni bakla. Neno hilo huchanganya jinsia, mavazi, sauti, mwendo na mapenzi, na katika sinema za siku hizo lilikuwa limechanganywa na kicheko pia.

Sisi wanaisimu hupenda kuangalia ni nini neno hulificha na ni nini hulifichua. Neno bakla lilimfichua maskini msusi wa nywele aliyetembea kwa madaha mtaani, ilhali lilimficha tajiri aliyevaa suti na kukaa na mkewe kanisani. Brocka aliigeuza taa na kuielekeza upande wa pili. Mwigizaji aliyempa nafasi ya tajiri huyo, Eddie Garcia, alikuwa mtu wa sura na sauti ya kiume kabisa. Mtazamaji hakupewa cha kuchekea. Alionyeshwa namna siri inavyozaa hofu, na hofu inavyomzalia mlaghai mtaji. Iwapo hakuna siri, dereva yule hana cha kuuza. Fikra hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yake yote iliyofuata, hata alipokuwa akizungumzia mambo ya dola.

Mwaka 1974, baada ya kuchoshwa na masharti ya watayarishaji, yeye na wenzake waliunda kampuni yao wenyewe, CineManila, wakatoa filamu ya Tinimbang Ka Ngunit Kulang. Jina hilo limechukuliwa kutoka Kitabu cha Danieli, kutoka kwa maandishi ya ukutani yaliyomtia hofu mfalme Belshaza karamuni: umepimwa, ukaonekana pungufu. Wanaopimwa katika filamu hii ni waumini wa mji mdogo wa mashambani. Wahusika wanaosimama imara kuliko wote ni mgonjwa wa ukoma aitwaye Berto na mwanamke mwendawazimu aitwaye Kuala, ambaye wazimu wake ulisababishwa na mmoja wa waungwana wa mji huo huo. Kijana Junior, mwana wa mwungwana huyo, anajifunza utu kutoka kwa hao waliotengwa. Watazamaji waliipokea vyema sana, na Brocka akapata hakika kwamba umma haukukataa ukweli bali ulikuwa haujapewa.

Hapo ndipo ilipokuja filamu ya mwaka 1975, Maynila sa mga Kuko ng Liwanag, yaani Manila katika makucha ya nuru. Ilitokana na riwaya ya Edgardo M. Reyes, mswada wa filamu ukaandikwa na Clodualdo del Mundo Mdogo, na kamera ikashikwa na Mike de Leon, ambaye pia alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Mvuvi kijana, Julio Madiaga, anakuja mjini kumtafuta mchumba wake Ligaya Paraiso, aliyekuwa ameshawishiwa na mwanamke mgeni kwa ahadi za kazi na masomo. Ligaya katika Kitagalogi ni furaha, na Paraiso ni peponi; jina la msichana huyo ni jina la kila anachokitafuta maskini anapoliendea jiji. Julio anafanya kibarua mahali pa ujenzi, ambako msimamizi huwatia wafanyakazi sahihi kwa ujira mkubwa kuliko ule wanaoupokea mkononi. Anapokosa kazi hiyo analala nje, na hatimaye rafiki anamwonyesha njia nyingine ya kupata mlo, yaani kuuza mwili wake kwa wanaume.

Sehemu hiyo ya mwisho haimo katika riwaya. Brocka ndiye aliyeitia, na hadi leo wahakiki huizozania. Wapo wanaosema kwamba ulimwengu wa mashoga umeonyeshwa humo kana kwamba ni ngazi mojawapo ya kuporomoka kwa Julio. Lawama hiyo ina uzito, sawa na ile inayosema kwamba mfanyabiashara Mchina aliyemfungia Ligaya amechorwa kwa chuki ya kikabila. Hata hivyo, tukitazama mpangilio wa matukio tutaona kwamba nyumba ya anasa anamopelekwa Julio inafuata mantiki ile ile ya mahali pa ujenzi. Katika sehemu zote mbili kijana ana mwili wake tu, na katika sehemu zote mbili mwenye fedha ndiye anayeamua bei. Jiji halikumdhulumu usiku pekee. Lilikuwa limekwisha kumdhulumu mchana kweupe, kwa kalamu na daftari la mishahara.

Mwaka 1976 alitoa Insiang, ambayo ilipigwa picha katika mabanda ya Tondo, kando ya bandari. Hadithi yake ilikuwa imetungwa kwanza na Mario O'Hara kwa ajili ya televisheni. Ni kisa cha binti anayenajisiwa na kipenzi cha mama yake, mfanyakazi wa kichinjioni, na jinsi binti huyo anavyopanga kisasi. Mwaka 1978 ikawa filamu ya kwanza ya Ufilipino kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, katika sehemu iitwayo Majuma Mawili ya Waelekezi. Mnamo 1980 Jaguar ikawa ya kwanza kutoka nchi hiyo kushindania tuzo kuu ya tamasha hilo.

Jina la filamu hiyo ya pili lina somo kwa wanafunzi wa lugha. Katika Kitagalogi cha mitaani, vijana hupindua silabi za maneno, mchezo ambao watoto wa Waswahili huuita kinyume. Neno la kumtaja mlinzi, lililokopwa kutoka Kihispania, likipinduliwa hutoa jaguar. Poldo, shujaa wa kisa, ni bawabu katika kampuni, na bosi wake humkaribisha katika starehe zake ili awe ngao yake. Bawabu anajiona chui. Bosi anamwona mlinzi. Poldo anapoua mtu kwa ajili ya bosi huyo, anaachwa peke yake. Waandishi wa mswada huo, Jose F. Lacaba na Ricky Lee, wote wawili walikuwa wamewahi kuwekwa kizuizini chini ya sheria ya kijeshi.

Baina ya filamu hizo mbili, mwaka 1978, Brocka alifanya jambo ambalo naona halijasifiwa ipasavyo. Alimchukua Dolphy, mchekeshaji yule yule aliyekuwa amewachekesha watu kwa kuigiza bakla, akampa nafasi ya Coring katika Ang Tatay Kong Nanay, yaani baba yangu ni mama yangu. Coring ni bakla maskini anayeachiwa mtoto wa mwanamume aliyempenda, naye anamlea huku akijitahidi kuificha hali yake kwa kuhofia kwamba mtoto ataona aibu. Watu waliokwenda kucheka walicheka, kisha wakajikuta wanalia. Mama mzazi mwenye uwezo anapojitokeza kumdai mtoto, mtazamaji analazimika kujiuliza mzazi ni nani. Filamu hii ilikuwa ya biashara, ikiwa na nyota wa biashara, na hapakuwa na hotuba ndani yake. Pamoja na hayo, iliingia katika nyumba ambazo Insiang haikuwahi kufika.

Hili linatufikisha kwenye mapatano aliyoyafanya Brocka na soko. Sehemu kubwa ya filamu zake zaidi ya 60 ni visa vya mapenzi na machozi, alivyovitengeneza ili watayarishaji wapate faida na yeye apate nafasi ya kuitengeneza ile aliyoitaka. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi naona kwamba aliijua hadhira yake: wafanyakazi wa viwandani, mayaya na makuli, waliolipa kiingilio kwa fedha za jasho. Aliwazungumzia kwa Kitagalogi chao, na kwa mtindo wa visa walivyovizoea. Wakuu wa serikali walipomlaumu kwamba anaichafua nchi machoni pa wageni, walisahau kwamba wa kwanza kuziona filamu hizo hawakuwa wageni. Walikuwa wenye mabanda.

Mnamo Agosti 1983 mwanasiasa wa upinzani Benigno Aquino aliuawa katika uwanja wa ndege wa Manila, na Brocka akatoka katika chumba cha kuhariri filamu akaingia barabarani. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wasanii kilichopinga udhibiti na udikteta. Mwaka 1984 filamu yake Bayan Ko: Kapit sa Patalim, inayomhusu mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji anayeshindwa kulipa gharama za hospitali za mkewe, ilitoroshwa nje ya nchi na kuonyeshwa Cannes. Mnamo Januari 1985 alikamatwa pamoja na mwenzake Behn Cervantes katika mgomo wa madereva wa jeepney, magari ya abiria ya Manila, akazuiliwa kwa majuma mawili hivi. Mwaka uo huo alitunukiwa tuzo ya Ramon Magsaysay, na Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu Bayan Ko, ikatamka kwamba sinema nayo imo katika uhuru wa kujieleza.

Marcos alipong'olewa mnamo Februari 1986, Rais Corazon Aquino alimteua Brocka katika tume ya kuandika katiba mpya. Alijiuzulu kabla ya kazi kukamilika, lakini anatajwa kuwa ndiye aliyesababisha kifungu cha uhuru wa kusema na wa magazeti kiongezewe uhuru wa kujieleza. Ni nyongeza ndogo kwa idadi ya maneno. Kwa mchoraji, mwigizaji na mpiga picha, ambao hawasemi wala hawaandiki magazeti, ndiyo iliyoufungua mlango.

Mapinduzi hayakumtia usingizi. Katika filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na Christian Blackwood mwaka 1987, alizungumza waziwazi juu ya ushoga wake. Mwaka 1988 akatoa Macho Dancer. Pol, kijana wa mkoani, huisaidia familia yake kwa fedha za mwanajeshi wa Kimarekani ambaye ni mpenzi wake; mwanajeshi anaporudi kwao, kijana anakwenda Manila kucheza dansi katika baa ambamo wanaume huwanunua wanaume. Tukumbuke kwamba kambi za Clark na Subic zilikuwa bado zipo. Zilikuja kufungwa 1991 na 1992. Humo Pol anapata urafiki wa kweli na Noel, anayemtafuta dada yake aliyeuzwa, na anamjua polisi anayeilinda biashara hiyo. Nchini mwake filamu hiyo ilikatwakatwa na wakaguzi. Mwaka 1989 alitoa Orapronobis, iliyoyafichua makundi ya wanamgambo yaliyoua raia chini ya serikali mpya ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisaidia kuingia. Hiyo nayo haikuruhusiwa katika majumba ya sinema ya nyumbani. Mtu aliyekuwa amekataa kuuficha uchi wa Marcos alikataa pia kuuficha wa rafiki zake.

Mnamo Mei 1991, gari alimokuwa akisafiri lilipata ajali usiku katika Quezon City, akafariki akiwa na miaka 52. Mwaka 1997 taifa likamtangaza Msanii wa Taifa, heshima kuu kupita zote katika sanaa nchini humo. Wale waliotokea baadaye walipita katika njia aliyoifyeka. Ricky Lee, aliyeshiriki kuandika mswada wa Macho Dancer, aliandika pia Sibak, iliyoelekezwa na Mel Chionglo mwaka 1994. Kizazi cha filamu huru za gharama ndogo kilipochipuka mwaka 2005, Auraeus Solito alitoa Ang Pagdadalaga ni Maximo Oliveros, kisa cha mtoto bakla wa mtaa wa mabanda ambaye baba na kaka zake, wezi wadogowadogo, wanampenda jinsi alivyo. Ikapata tuzo ya Teddy mjini Berlin mwaka 2006. Brillante Mendoza alitoa Masahista mwaka uo huo wa 2005 na Serbis mwaka 2008. Jaclyn Jose, aliyeigiza katika Macho Dancer, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes mwaka 2016 kwa filamu ya Mendoza, Ma' Rosa. Filamu za Brocka zenyewe zimesafishwa na kuhifadhiwa upya: Maynila mwaka 2013, Insiang mwaka 2015 na Bona, ya mwaka 1980, mnamo 2024.

Linabaki swali ambalo walimu na wanafunzi wa fasihi hawana budi kulikabili: je, msanii anayeuonyesha umaskini hauuzi? Swali hili limeulizwa mara nyingi tangu filamu huru za Ufilipino zilipoanza kuzoa tuzo Ulaya, na ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hatuwezi kulijibu kwa kuitazama mada pekee. Tutazame kama maskini aliyemo kwenye picha ana kazi, ana lugha, ana akili ya kupanga na ana haki ya kukosea. Insiang anapanga kisasi; Coring analea; Poldo anajidanganya; Pol anachagua. Hakuna hata mmoja aliyewekwa pale ili ahurumiwe tu, wala hakuna aliyetakaswa kwa sababu ya ufukara wake au ya mapenzi yake.

Maisha ya Brocka yanatuachia kipimo hicho, nacho chafaa kwa riwaya na tamthilia pia. Aibu ikiachwa gizani ina wenyewe wanaoichuma: dereva mlaghai, msimamizi wa ujenzi, polisi wa baa, na dola inayopaka nyua rangi nyeupe. Kuitoa nuruni hakumshibishi mwenye njaa, wala Brocka hakudai hivyo. Lakini kunawanyang'anya hao mtaji wao, na kunamrudishia aliyefichwa kitu cha kwanza alichoibiwa, yaani sura yake.